Mashine ya Kuona Urogi

Kianjai,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Shangazi Karimi mpendwa,

Barua hii inakuja na makopo manne ya mahindi ndani ya katoni. Shueib ameahidi kuiweka mbele karibu naye, si nyuma ya lori pamoja na magunia anayonunua huku na kuyaleta huko Embu. Alipoiona alicheka, yeye huniita mwalimu kwa utani. "Mwalimu, posta imefungwa ndio mkanihamishia mimi?" Nikamwambia ni kazi ya chuo kikuu. Akasema, "Basi mwambie huyo daktari wa taa aniandikie dawa ya mgongo."

Nimefuata maagizo yako. Nimechota juu ya gunia, katikati na chini, kisha nikachanganya. Kopo la kwanza ni mahindi yetu machache yaliyobaki. La pili ni la naibu chifu, la tatu ni la kanisa. La nne ni la Mama Thuranira, jirani yetu wa chini, yule mjane aliyeolewa huku kutoka Mbeere. Dumuzi walipotumalizia mahindi yetu alituletea nusu gunia bila kuombwa, na tangu Machi ndiyo tunayokula. Amewagawia wengi. Hata Mama Bundi alipata, yule ambaye tulimzika kitinda mimba wake mwezi uliopita. Niliona macho ya mtoto huyo kabla hajafa. Yalikuwa ya manjano.

Najua ungependa tuongee kwa simu, lakini Nyanya huiweka kwa sauti ya juu na kuishika mbali kama kitu kinachochoma, na jiko zima husikia. Tena umenitaka nizoee kuandika fizikia kwa Kiswahili ili nikusaidie na kile kikaratasi cha mafunzo unachowaandikia wakulima.

Nina maswali mawili. Nuru inawezaje kuona sumu? Na la pili, sisi wasichana tunaosoma fizikia katika Kidato cha Tatu tumebaki watatu tu. Mwalimu anasema tutajuta. Wewe ulifikaje hapo ulipo?

Nyanya anakusalimu. Anauliza utakuwa profesa lini, kwa maana amechoka kueleza watu kwamba ana binti daktari asiyeweza kutoa hata dawa ya kichwa.

Mpwa wako,
Kajuju


Embu,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Kajuju wangu,

Makopo yamefika salama. Mwambie Shueib dawa ya mgongo ni kuacha kubeba magunia mwenyewe wakati ana vijana.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo rahisi. Nilisoma katika shule iliyokuwa na prizimu moja, nayo ilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Siku ilipotolewa nilikuwa nimekaa dirishani, na rangi zote zikaangukia daftari langu. Sikupona tena. Nilienda chuo, nikafanya uzamili, kisha uzamivu Afrika Kusini, ambako niliishi ndani ya chumba cha giza nikipitisha miale ya leza katika nyuzi za kioo zilizo nyembamba kuliko unywele wako. Kazi hiyo inaitwa fotoniki: kuifundisha nuru kubeba habari. Niliporudi nyumbani nilipewa darasa la wanafunzi mia mbili, chaki, na chumba kilichokuwa stoo ya viti. Mashine yangu niliiunda humo humo, katikati ya viti vilivyovunjika. Mwalimu wako akisema utajuta, mwambie kuna siku za kujuta na kuna siku nyingine.

Sasa la kwanza. Kuna nuru isiyoonekana kwa macho, inaitwa urujuanimno. Punje safi ukiimulika kwa nuru hiyo hubaki imefifia. Punje iliyoota kuvu fulani hurudisha mng'ao wa kijani kinachokaribia manjano. Uzi wa kioo huuchukua mng'ao huo na kuupeleka kwenye kifaa kinachopima rangi. Basi. Hakuna la ajabu zaidi ya hilo.

Keti chini, Kajuju. Kopo la nne liling'aa.

Nimepeleka sehemu yake kwenye maabara ya kemia ili nipate uhakika, na majibu yatachukua muda, lakini sitaki mngoje. Kuna sumu katika mahindi hayo. Msile tena. Msiwape kuku wala ng'ombe. Kuyachemsha hakusaidii, na sumu yenyewe hula ini la mtu kimyakimya. Mwambie Nyanya mara tu ukisoma hapa, tena umwambie kwa Kimeru, usimwachie nafasi ya kutoelewa. Nimepiga simu yake tangu asubuhi na imeisha chaji kama kawaida.

Sitaki kukutisha. Mimi mwenyewe nimetishika kidogo, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Shangazi yako,
Karimi


Kianjai,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Shangazi,

Tafadhali soma barua hii ukiwa peke yako.

Barua yako ilinifikia jana, nikakimbia nayo hadi jikoni. Sikutazama ni nani aliyekuwamo. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekuja kuchambua maharagwe, na githeri, mahindi yale yale na maharagwe, ilikuwa motoni. Nikasema kwa Kimeru, kwa sauti, ili Nyanya asikose kuelewa: "Nyanya, msile. Shangazi ameyamulika mahindi kwa mashine yake akaona yana urogi."

Ningesema neno gani, Shangazi? Shuleni sumu ni sumu na uchawi ni uchawi. Nyumbani tuna neno moja. Kile mtu anachowekewa katika chakula ni urogi, na kazi ya yule anayekiweka ni urogi pia. Nilitafsiri neno lako vizuri kabisa. Nilijisikia hata fahari kidogo kwamba sikukwama.

Mama Bundi aliweka ungo chini, akaniuliza polepole, "Urogi wa nani?"

Nilidhani anauliza kopo ni la nani. Nikajibu, "Wa Mama Thuranira."

Nilijua nimekosea kabla hata sijafunga mdomo. Mama Bundi hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Alimletea mtoto wangu mahindi kwa mkono wake. Akampakata, akamwita bwana yake." Wewe unajua nyanya zetu huwatania watoto wa kiume hivyo, wanawaita waume zao. Jana utani huo uligeuka kitu kingine mbele ya macho yangu.

Nilisema si hivyo, ni kuvu tu. Mmoja wao akanijibu, "Kuvu tunaijua, mtoto. Tunaifuta kwa kitambaa. Kuvu haizikishi mtu." Nyanya alimwaga githeri nyuma ya nyumba, akaniambia ninawe mikono kwa majivu, kisha akazima simu. Anasema hataki mambo haya yapite hewani.

Leo kanisani Mama Thuranira alikaa kwenye benchi lake la kila siku. Hakuna aliyekaa naye. Aliwageukia waliokuwa nyuma, akatabasamu, kama anayewaza labda amechelewa kusikia jambo fulani. Hakuwa na habari bado, Shangazi. Mimi nilikuwa nayo.

Nifanye nini?

Kajuju


Embu,
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Kajuju,

Sikiliza vizuri. Kosa si lako. Nililelewa katika jiko hilo hilo na nilijua neno ulilokuwa nalo. Nilikuwa nikifikiria maini yenu, sikufikiria masikio ya watu.

Usilitumie neno hilo tena, hata kulikanusha. Ukisema "si urogi" wanasikia urogi. Sema mahindi yameoza kwa mvua. Waulize ni nani aliyevuna mvua ikinyesha, na ni nani aliyefunga magunia kabla hayajakauka. Wengi wao walifanya hivyo, najua.

Nimempigia naibu chifu. Ameniambia, "Daktari, usiwe na wasiwasi, hayo ni maneno ya jikoni." Nimekuwa na wasiwasi zaidi.

Siwezi kuja wiki hii. Kuna jambo hapa chuoni Jumanne ijayo ambalo siwezi kuliacha. Usiniulize ni nini. Kaa karibu na Nyanya, na usipite kwa Mama Thuranira peke yako.

Shangazi yako


Kianjai,
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Shangazi,

Umesema nisiulize, kwa hiyo siulizi. Lakini nadhani unatuogopa, na sikulaumu, kwa sababu mimi pia ninawaogopa watu ambao wameniona tangu nikitambaa.

Hakuna anayechukua maziwa ya Mama Thuranira. Watoto wameambiwa wavuke barabara wakifika kwake. Jana alipoamka alikuta mabua makavu ya mahindi yamepangwa kando ya ukuta wa nyumba yake, kutoka mlangoni hadi dirishani. Unajua ukuta wake ni wa mbao. Aliyatoa mchana, watu wakimtazama, akampa ng'ombe. Leo asubuhi yamerudi, na ni mengi zaidi. Kila mtu anasema hajui ni nani.

Aliniita uani. Sikwenda karibu, nilisimama upande wetu wa ua. Akaniuliza, "Kajuju, nilikukosea nini?" Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, kuhusu nuru, kuhusu neno. Nikakimbia, Shangazi. Nilimkimbia kama wengine.

Nimesema habari ya mvua kama ulivyoniagiza. Niliisema dukani watu wakiwa wengi. Mwanaume mmoja akanijibu mbele ya wote: "Ikiwa ni mvua, basi ni mahindi ya kila mtu, na Shueib hatanunua hata kilo. Ikiwa ni urogi, ni gunia la mtu mmoja." Hakuna aliyecheka. Niliona wote wamemwelewa. Nilipomweleza Shueib leo, alizima injini kabisa. "Huyo mtu anajua biashara," akasema. "Na hapo ndipo ninapoogopa, mwanangu. Mtu mwenye hasira hupoa. Mwenye hesabu hapoi."

Jumamosi kuna mkutano katika shule ya msingi. Mama Bundi amesema hivi, na nayaandika maneno yake yalivyo: "Karimi ana mashine inayoona urogi. Ailete. Immulike huyu usoni. Ikinyamaza, mimi mwenyewe nitapiga magoti nimwombe msamaha." Wote walikubali. Hakuna aliyesema watafanya nini ikilia.

Nilimwomba Nyanya tumlaze Mama Thuranira kwetu. Alinijibu, "Nimekula chakula chake tangu Machi. Ngoja kwanza nijue kama mimi nitaishi."

Wanaamini ulisomea jambo hilo, Shangazi. Wanaamini walikupeleka Afrika Kusini ukajifunze kumtambua mchawi.

Kajuju


Embu,
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Kajuju,

Shueib ameahidi kuondoka na barua hii mara tu baada ya swala ya Ijumaa. Utaisoma jioni. Mimi nakuja kesho asubuhi na mashine.

Si ninyi niliokuwa nawaogopa. Mkataba wangu hapa unaisha Juni. Jumanne, jopo la maprofesa linakuja kuikagua mashine na kuamua kama nitabaki au nitafute kazi nyingine, na kwa mtu wa fotoniki hapa kwetu, kazi nyingine maana yake ni kuacha fotoniki. Mashine ni moja tu. Uzi wake wa kioo ukipindwa vibaya unakatika, na sina mwingine. Nimeomba ruhusa ya kuitoa nje ya chuo, nikanyimwa. Ninaitoa.

Kuna jambo baya zaidi, nalo nakuambia wewe tu. Majibu ya maabara ya kemia hayajarudi. Vitu vinavyong'aa ni vingi duniani, na mashine yangu bado ni changa. Inawezekana kopo la nne halikuwa na kitu chochote. Inawezekana mabua yale yamewekwa ukutani kwa mama huyo kwa sababu nilisoma rangi vibaya. Sijalala nikiwaza hilo.

Waambie watu mambo mawili. Kwanza, taa hii haimulikwi usoni mwa mtu, inaumiza macho. Pili, anayetaka haki alete konzi moja ya mahindi kutoka ghala lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Wazibe madirisha ya darasa moja kwa magunia, nahitaji giza.

Mwombe Nyanya tena. Akikataa, mpeleke Mama Thuranira kwa naibu chifu, na usiondoke mpaka amfungulie.

Karimi


Kianjai,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Ulipokuwa ukiifunga mashine kwa blanketi uliniomba niandike yote niliyoyaona, kwa sababu wewe ulikuwa umeiinamia na mimi nilikuwa upande wa watu. Naandika haraka ili barua ikufikie kabla ya jopo. Shueib anasubiri barabarani na anapiga honi.

Watu walidhani ungekuja na kitu kikubwa. Ulipotoa kile kisanduku nilisikia nyuma yangu, "Ndiyo hiyo? Redio ya mzee wangu ni kubwa kuliko hiyo." Mwingine akajibu, "Nyamaza, inasikia." Uliposema itamulika mahindi tu, walinung'unika. Mlango ulipofungwa na giza kuingia, wanawake walishikana mikono. Mimi nilishika benchi.

Wewe hukumwona Mama Thuranira akisimama. Mimi nilimwona. Alikuwa amelala kwenye ofisi ya naibu chifu, na nguo zake zilikuwa safi, nadhani alizifua Ijumaa ili asije mbele ya watu akiwa mchafu. Alipita katikati ya mabenchi akisema, "Mnataka kunimulika? Haya. Nimulikeni niende nyumbani." Kabla hujamzuia alikuwa amekwisha kuinama mbele ya taa, na kitambaa chake cha kichwa kikawaka.

Nitaota jambo hilo maisha yangu yote. Kichwa kizima kilikuwa cheupe, chenye ubuluu, gizani. Benchi lilianguka. Mtu akapiga kelele, "Mmeona! Mmeona!" Wanaume waliokuwa mlangoni waliingia ndani badala ya kutoka nje. Mama Bundi alikuwa wa kwanza kusimama.

Nawe ulifanya kitu kidogo tu. Ulimshika naibu chifu mkono, ukauvuta mkono wa shati lake chini ya taa. Ukawaka kuliko kitambaa. Halafu ukasema kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ni sabuni ya unga. Kila aliyefua kwa sabuni ya unga atawaka. Asiyewaka ndiye nitamshangaa." Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Basi chifu anafuliwa vizuri kuliko sisi," na darasa zima likacheka. Walicheka kupita kiasi, Shangazi, kama watu walioponea jambo. Walisukumana kuja kuonyesha kola, soksi, mashati ya shule. Mama Thuranira hakucheka. Alibaki amesimama pale pale, mikono imekaza kitambaa kichwani.

Ulipoanza na mahindi, kicheko kiliisha. Uliona konzi zenyewe. Mimi niliona nyuso. Wa kwanza kuona kijani katika kiganja chake alikuwa yule mwanaume wa dukani. Alifumba ngumi upesi, akasema, "Rudia." Ukarudia. Baada yake walikuja mmoja mmoja, na wengi wao waling'aa. Nyanya aliponyosha mkono wake na ukabaki giza, aliketi chini sakafuni.

Mama Bundi alikuja mwisho. Yeye alikuwa na mahindi yake mwenyewe kutoka shamba la mtoni, hayakuwa ya kupewa. Yaling'aa kuliko ya wote. Aliyatazama mpaka ukazima taa.

Jana alinikuta bombani. Aliniambia hivi: "Nilivuna mvua ikinyesha. Niliyafunga na unyevu wake kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Alikula ya yule mama mara moja. Yangu alikula kila siku. Kwa hiyo ni mimi?" Kisha akasema, "Afadhali ungeniachia urogi wangu. Ningekuwa na mtu wa kumchukia." Aliondoka na kuacha ndoo yake bombani ikimwagika.

Nimwambie nini? Tafadhali nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mpwa wako,
Kajuju


Embu,
Jumatano, 30 Aprili 2025

Kajuju wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukutumia maneno matupu.

Usimwambie ni yeye, wala usimwambie si yeye. Hakuna aliyempima mtoto yule, na mimi sijui kilichomuua. Hiyo ni kweli, si njia ya kumkwepa. Unaweza kumwambia kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba unyevu ndani ya gunia hugeuka hivyo. Sisi tuliolijua jambo hilo tuliliandika kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo hata wenzetu hawayasomi. Ninayo makala matatu ya namna hiyo, yamenipandisha cheo mara moja. Mwambie nitakuja kumwona. Simuahidi cha kumfariji, nitakuja tu.

Majibu ya kemia yamerudi. Kopo la nne lilikuwa na sumu kweli. Nilipofungua bahasha nikagundua kwamba nilikuwa nimeomba Mungu iwe nayo. Hebu fikiria nilikuwa naomba nini.

Kuhusu jopo. Walikuta mikwaruzo kwenye kisanduku na wakauliza. Nikasema ukweli. Profesa mmoja alinikaripia mbele ya wanafunzi wangu kwa nusu saa. Mwingine akauliza, "Na mashine yako inatofautishaje sumu na sabuni?" Nikawaonyesha mistari miwili ya rangi, wa buluu na wa kijani, jinsi kifaa kinavyoitenganisha, na nikawasomea kipande cha barua yako kuhusu kitambaa. Hawajanipa kazi ya kudumu. Wameniongezea mkataba hadi Desemba, na onyo la maandishi, na agizo kwamba nipime katika vijiji vingine kabla ya mavuno yajayo. Mwambie Nyanya uprofesa bado.

Naogopa kwenda vijiji hivyo. Sasa najua taa inaweza kufanya nini kabla hata haijawashwa. Nitahitaji mtu wa kunichagulia maneno.

Mama Thuranira yuko wapi? Hukuniambia.

Karimi


Kianjai,
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa sijathubutu kwenda kuona.

Alirudi nyumbani kwake siku ile ile ya mkutano. Mabua yameondoka ukutani, na bado hakuna anayejua ni nani aliyeyaondoa, kama vile hakuna aliyejua ni nani aliyeyaweka. Naibu chifu alichimbisha shimo, na waliong'aa wakaleta magunia yao. Si wote. Yule wa dukani alileta moja, na tunajua alikuwa na manne. Mama Bundi alileta yote. Nilimpa maneno yako. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza utakuja lini.

Lakini hakuna aliyemwomba Mama Thuranira msamaha. Watu wanamsalimu kwa sauti kubwa mno, kisha wanaharakisha. Maziwa yake bado hayanunuliwi. Wanasema wanajua si yeye, ila wamekwisha kupata muuzaji mwingine.

Leo baada ya kanisa nilienda. Nilipita mlangoni, sikupita uani. Alikuwa ameketi nje, upande wa barabara, kwenye kigoda, na sufuria ya uji karibu naye. Nilipiga magoti nikaanza hotuba niliyoiandaa, kuhusu neno moja ambalo nyumbani lina maana mbili. Alinikatiza. "Nimeambiwa. Wewe ni mtoto wa shule, mnajua maneno mengi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.

Akanimiminia uji kikombeni. Ulikuwa uji wa wimbi, si wa mahindi, niliutambua kwa rangi yake. Hata hivyo sikunyoosha mkono, Shangazi, na nitakuwa mwongo nikisema nilijua ni kwa sababu gani. Watu walikuwa wakitoka kanisani. Waliopita walipunguza mwendo. Mama Bundi alisimama kabisa.

Unajua desturi ya huku. Mtu akishasemwa jambo kama lile, hapokelewi cha mkononi mwake mpaka akionje kwanza mbele yako. Mama Thuranira naye anaijua. Hakunipa kikombe. Alikiinua kuelekea mdomoni mwake, polepole, macho yameangalia chini, kama mtu anayefanya kazi aliyoagizwa na wakubwa.

Nilikichukua mikononi mwake kabla hajaonja.

Nilimsikia Nyanya akiniita kutoka kwetu, kwa sauti ile anayoniita nayo kukiwa na nyoka. Sikugeuka. Nilikunywa, nikaumaliza, nikamrudishia kikombe, nikamwomba aniongeze.

Kajuju